Binamu Watatu wa Emil

Kaspar, Nebraska
9 Januari 1984

Ndugu yangu Royce,

Barua yako kutoka Pueblo imefika jana. Uliandika SIRI juu ya bahasha kwa wino mwekundu, kwa hiyo Verna Spilker wa posta aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa kunywa kahawa akingoja niifungue. Sikuifungua. Tuliongea habari za goti lake mpaka kahawa ikaisha.

Simu kweli usinipigie. Niliichomoa ukutani baada ya mazishi ya Emil, Oktoba. Kila aliyepiga aliniuliza naendeleaje, nikimjibu, hajui tena la kusema, basi tunasikilizana tunavyopumua. Barua ni afadhali.

Sasa kuhusu ombi lako. Nimelielewa hivi, unisahihishe nikikosea. Bodi ya chuo imekupa mpaka tarehe moja Machi upate mtu wa kupanga mashambulizi ya timu yako ya mpira wa Kimarekani mahali pa mume wangu Emil. Usipompata, Bwana Voss mwenyekiti atamleta mkwewe Skip, yule anayeuza mabwawa ya kuogelea. Wewe uko barabarani unatafuta wachezaji, na una makocha watatu uliozungumza nao kwa simu tu. Unataka waje Kaspar mmoja mmoja, watazame filamu za mechi zetu ambazo Emil aliziacha chini, kwenye basimenti yangu. Motelini hawawezi kulala kwa sababu moteli ni ya Voss. Chuoni hawawezi kwa sababu Bernadine wa swichibodi ya simu husikia hata yasiyosemwa. Na huko waliko ikijulikana wanatafuta kazi kwingine, watafukuzwa kabla wewe hujawaajiri. Kwa hiyo walale kwangu, na mtu akiuliza, waseme ni binamu zake Emil.

Royce, Emil alikuwa na binamu mmoja tu, naye ni mtawa huko Wisconsin.

Lakini waje. Chumba cha binti yetu Joyce kiko tupu tangu aolewe. Na friza yangu bado imejaa vyakula vya msiba, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini yake. Siwezi kurudisha mabakuli ya watu na chakula ndani, na siwezi kukimaliza peke yangu. Hao makocha wanakula, natumaini.

Uniambie tu unataka niwaangalie nini. Mimi mpira siujui. Nilichokuwa nakijua ni jinsi Emil alivyofunga mlango wa gari akirudi, nikajua kama tumeshinda.

Wako,
Ardith Kohlmeyer


Pueblo, Colorado
14 Januari

Shemeji Ardith,

Asante sana. Mambo ya mpira niachie mimi, nitayamaliza nao kwa simu. Wewe nitazamie walivyo. Mtu anaweza kunidanganya mimi saa nzima, lakini hawezi kumdanganya anayempikia.

Wa kwanza ni Lonnie Crabtree wa Oklahoma, atafika Ijumaa. Nimemwambia aingie mjini kimyakimya.

Huku hali ni mbaya. Kuna kijana mkubwa kama jokofu niliyemfuata kwao mara mbili. Ameniambia anataka chuo kilicho karibu na bahari. Nikamwambia sisi tuna mto. Akauliza, "Una maji?" Nikamuuliza habari za mama yake.

Voss amepiga simu hapa kwa dada yangu kunijulisha kwamba Skip ameshanunua filimbi.

Tafadhali, siri iwe siri.

Shemeji yako,
Royce Havlik


Kaspar
21 Januari

Ndugu Royce,

Bwana Crabtree aliingia mjini kimyakimya ndani ya gari jekundu ambalo honi yake inapiga wimbo.

Ni mtu mchangamfu. Kabla sijamaliza kuandaa meza alikuwa amepanga mechi nzima juu yake: chumvi, pilipili, chupa ya sosi, vijiko pembeni. Kwake yeye kila kitu ni cha kurusha. Alinirushia mkate mdogo kutoka upande wa pili wa jiko. "Daka, mama!" Nikaudaka. Akaruka juu akashangilia, "Umeona? Nipe wiki mbili tu!" Nilifurahi, sitaficha.

Amemaliza bakuli la Verna na nusu ya lile la mke wa mchungaji. Asubuhi alinizolea theluji mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na kikoti chepesi cha huko kwao, nikampa koti la Emil. Hapo ndipo gari la posta lilipopita, likasimama, likarudi nyuma.

"Ardith," akasema Verna, "huyo ni nani?"

"Binamu yake Emil."

"Amevaa koti la Emil."

"Wana miili sawa."

"Na ile honi?"

Nikamwambia kule Oklahoma ndivyo walivyo.

Kwa maoni yangu ni mtu mwema. Wale vijana hawajacheka tangu Oktoba, na huyu angewachekesha.

Ardith


Hays, Kansas
25 Januari

Shemeji,

Crabtree hapana. Anarusha mno. Mpira ukirushwa sana unaokotwa na wengine.

Anayefuata ni Preston Albrecht wa Ohio. Huyu ni mtu wa hesabu, ametulia, wala gari lake halina honi. Nimemuuliza.

Nimesikia Voss ameshamchapishia Skip kadi za jina.

Royce


Kaspar
31 Januari

Ndugu Royce,

Bwana Albrecht alikuja na mashine ya kompyuta ndani ya sanduku, na mizani ndogo ya kupimia chakula chake. Nilimwonea huruma. Alinusa bakuli la viazi la Bernadine akasema, "Bibi Kohlmeyer, kwa jinsi ninavyoona, kuna uwezekano mkubwa kesho utapika tena viazi." Kesho yake nikapika tambi kwa makusudi. Akaandika.

Jumapili mchana Mchungaji Lindquist alipita baada ya ibada. Alikuwa ameshasikia habari za koti. Akakaa kitini akizungusha kofia.

"Ardith, nimeambiwa una mgeni tena."

"Binamu yake Emil."

"Nilidhani ameshaondoka."

"Huyo ni mwingine, mchungaji."

"Familia kubwa," akasema.

"Ndiyo kwanza tunafahamiana," nikasema, na huo haukuwa uongo.

Akaanza kunieleza kwamba upweke ni jaribu, na kwamba mwaka wa kwanza mjane asifanye uamuzi wowote mkubwa. Wakati huohuo Bwana Albrecht akapanda ngazi kutoka chini akiwa na soksi tu miguuni, bila viatu, akamuuliza mchungaji kanisa lina waumini wangapi na wangapi kati yao husinzia. Mchungaji aliaga mapema.

Jambo moja zaidi. Alipokuwa akitazama filamu ya mechi ya Septemba, Emil alitokea pembeni mwa uwanja akicheka na waamuzi. Bwana Albrecht akaisimamisha, akauliza, "Huyu anayecheka ni nani?" Nikamwambia. Akaniomba radhi, akaiacha picha ile imesimama ili niitazame. Sote wawili tukasahau kwamba ile projekta ikisimamishwa sana taa yake inaunguza. Sasa kuna tundu kwenye bega la Emil. Alihangaika sana, masikini. Mimi sikukasirika. Angeona Emil angecheka mpaka akohoe.

Aliosha vyombo vyote na kuvipanga kwa ukubwa. Ni mtu mwema naye.

Ardith


Salina, Kansas
4 Februari

Shemeji,

Albrecht hapana. Huyu harushi kabisa mpaka mashine imruhusu. Bega la Emil tu limenitosha.

Amebaki mmoja, Terrence Guidry wa Louisiana. Atafika Jumanne. Nimemwambia aseme yuleyule, binamu wa Emil. Vumilia kidogo tu.

Royce


Kaspar
9 Februari

Ndugu Royce,

Ni kweli kwamba hukuwahi kumwona Bwana Guidry? Naona hukuwahi.

Dhoruba ya theluji ya Jumanne ilimtupa mtaroni na gari lake karibu na kinu cha nafaka cha Voss. Sherifu Dvorak, mkuu wa polisi wetu, akaja kumvuta na lori. Mambo mengine nimesimuliwa na Bwana Guidry mwenyewe, jikoni kwangu, koti likimdondoka maji.

Sherifu alimmulika tochi usoni. "Unakwenda kwa nani, bwana?"

"Kwa Bibi Kohlmeyer. Mimi ni binamu wa marehemu Emil."

Sherifu akamtazama. Unajua Emil alivyokuwa, Royce, mwekundu kama figili, jua la Juni likimbabua mpaka masikioni. Na Bwana Guidry ni mweusi, mrefu kama mlango. Sherifu akazima tochi. Akafikiri. Akauliza, "Upande wa mama?"

"Upande wa mama," akasema Bwana Guidry.

Basi akamvuta mpaka kwangu, akanigusia kofia, akasema, "Nimekuletea ndugu yako, Ardith."

Alipoondoka tulitazamana, mimi na mgeni, kisha nikaanza kucheka, naye akaanza, nikalazimika kukaa chini. Sijacheka hivyo tangu Oktoba. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kile kingine, kilio, naye akakata tu soseji alizokuja nazo akaziweka kwenye kikaango. Ni za huko kwao, kali. Ndiyo mara ya kwanza mgeni kuja na chakula ambacho si cha msiba.

Kwenye filamu aliacha zote tulizoshinda. Alitazama tulizofungwa, hasa zile nne za mwisho ulizoziongoza peke yako baada ya Emil. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, hawa vijana hawajaacha kucheza. Wanakimbia vilevile mpaka dakika ya mwisho, na wanajua wameshafungwa. Nataka kufanya kazi na watu wa namna hiyo."

Mchukue huyu, Royce. Nakuomba kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Jana nilipoingia kwenye chumba cha akina mama wanaoshona shuka za kanisa, mazungumzo yalikatika kama redio. Mtu ameniachia mlangoni kijitabu kuhusu wajane na vishawishi. Verna ameniuliza waziwazi kama nitaolewa na yupi. Miaka yote katika mji huu sijawahi kusemwa kwa lolote ila kwamba achari zangu zina chumvi nyingi. Nimeahidi siri na nimeitunza, lakini uamue upesi.

Ardith


Pueblo
13 Februari

Shemeji,

Guidry hapana. Ni mtu mzuri. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na ubaoni mkono wa kushoto hufuta ulichokwisha kuandika. Haitafaa.

Nimefikiri labda Skip si mbaya kiasi hicho. Mtu anaweza kujifunza.

Samahani kwa maneno ya watu.

Royce


Opelousas, Louisiana
14 Februari

Mama Kohlmeyer,

Nakushukuru kwa kitanda, kwa chakula na kwa undugu. Mke wangu Odile amefurahi kusikia nina jamaa Nebraska. Anauliza kama tuna urithi.

Kocha Havlik amenipigia simu kunikatalia. Simlaumu, na ningependa usikie kutoka kwangu. Aliniuliza kama nitaitumia michezo ya Bwana Emil, ile mipango yake ya mashambulizi, kama ilivyo, yote, na majina yake, bila kubadilisha hata mmoja. Nilimjibu ukweli, kwamba siwezi. Nimeiona, ni mizuri, lakini aliitunga kwa vijana aliokuwa nao na kwa jinsi yeye mwenyewe alivyouona uwanja. Nikiisimamia mimi nitakuwa naigiza, na vijana watajua siku ya kwanza. Kisha akaniuliza naandika kwa mkono upi.

Nilipenda nyumba yako.

Kwa heshima,
Terrence Guidry


Kaspar
18 Februari

Royce,

Bwana Guidry ameniandikia. Kumbe swali ni hilo. Nadhani uliwauliza wote watatu hivyohivyo, na wote wakakujibu hivyohivyo, wewe ukaniletea habari za kurusha na mashine na mkono wa kushoto.

Sikukasirika. Nimekaa na barua hii tangu chakula cha mchana nikifikiri nikuandikie vipi, kwa sababu najua ulitaka kumlinda Emil, na labda ulidhani unanilinda mimi.

Acha nikusimulie. Emil alipopewa kazi ile, mzee Stenger alikuwa amestaafu wiki hiyo, na michezo yake ilikuwa bado iko ubaoni, imepangwa vizuri kwa chaki za rangi. Watu walimpenda Stenger. Emil aliingia ofisini, akavua saa, akafuta ubao wote, kona kwa kona. Kisha akaja nyumbani akiwa na vumbi la chaki kwenye nyusi, akala pai ya tufaha akiwa amesimama. Nikamuuliza, "Hukuona vibaya?" Akasema, "Niliona vibaya sana. Lakini Ardith, ile ilikuwa timu ya Stenger." Na kila majira ya kuchipua alifuta pia ya kwake. Hakuwahi kuitunza michezo yake kama wewe unavyotaka kuitunza. Aliifuta akaanza upya, tena akipiga mluzi.

Hutafuti mratibu wa mashambulizi, Royce. Unamtafuta Emil, na kila anayeshuka kwenye gari akawa si yeye, unamrudisha. Mimi nimefanya hivyohivyo na friza. Nilikuwa nimeliacha bakuli la mwisho, la dada yako, kwa sababu alilipika hapa Kaspar siku aliyofariki Emil, na nilihisi likiisha na siku ile itaisha. Bwana Guidry alilipasha moto asubuhi aliyoondoka, bila kujua. Tukalila. Lilikuwa limekauka.

Huwezi kumpa Skip timu hii ili tu asije mtu mwenye kuijua akaibadilisha. Vijana wale wana majira mawili au matatu tu ya kucheza maishani mwao, wewe unayo mengi.

Ukimkataa Guidry, usiseme ni kwa ajili ya Emil.

Ardith


Kaspar
25 Februari

Shemeji Ardith,

Nimerudi mjini. Nimekuandikia ingawa ningeweza kuendesha gari mpaka kwako, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza.

Barua yako nilikaa nayo garini nje ya shule moja huko Colby mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nilimwambia ndiyo.

Ni kweli niliwauliza wote. Crabtree alicheka, Albrecht aliniambia haiwezekani kihesabu. Guidry alinijibu kwa upole, na huyo ndiye aliyeniumiza. Nilikaa na Emil pembeni mwa ule uwanja muda mrefu kuliko nilivyokaa na mke wangu. Katika zile mechi nne nilirudia mchezo wake mmoja mpaka wapinzani wakawa wanautaja kwa jina kabla yetu. Niliujua mmoja ule tu vizuri. Niliona aibu kumwambia mtu.

Nimempigia Guidry jana. Nilimwomba radhi. Akasema atauliza nyumbani. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, "Mwulize kuhusu urithi." Kisha akasema ndiyo.

Jumanne kwenye chakula cha wafadhili wa timu, kwenye chumba cha chini cha kanisa, nitamtangaza mbele ya Voss na kila mtu, na jina lako nitalisafisha palepale. Njoo, tafadhali.

Royce


Kaspar
1 Machi 1984

Ndugu Royce,

Ulisema vizuri Jumanne, isipokuwa pale uliposimama na bakuli la chili, ule mchuzi wa nyama na maharagwe, mkononi ukatangaza, "Wanaume wote waliolala kwa Ardith walikuja kwa ajili yangu." Najua ulichokusudia. Kanisa zima limejua ulichokusudia, lakini baadaye kidogo. Mchungaji Lindquist nilimwona akifunika uso kwa leso, na mabega yakimtikisika.

Verna amesikitika kuliko Voss. Alikuwa ameshanichagulia binamu wa kwanza, yule wa honi, na ameniambia bila haya kwamba kitambaa cha harusi alishanunua. Sherifu Dvorak naye anashikilia kwamba Bwana Guidry ni ndugu wa upande wa mama, kwa kuwa ameshaandika hivyo kwenye ripoti yake, na ripoti haifutwi. Skip nilimpa mkate wa mdalasini. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliniambia taratibu kwamba mpira haupendi.

Odile Guidry, aliyekuja na mumewe, alinipata karibu na mashine ya kahawa. Wamekubali kupanga nyumba yangu mpaka Krismasi. Mimi naenda Oregon kwa Joyce, mtoto wake wa kwanza atazaliwa Mei, na nimeona ni afadhali nikamshike mtoto kuliko kukaa hapa nikishika vitu. Simu nimeichomeka tena, kwa ajili yao. Filamu nimekuachia kwenye masanduku ngazini. Chukua zote, na ile yenye tundu pia.

Bwana Guidry amekuja leo kuniuliza, kofia mkononi, kama kuna mchezo mmoja wa Emil ambao ningependa abaki nao. Nilifikiri sana, kwa kuwa aliuliza kwa moyo. Nikamwambia hapana, afute ubao wote, na kona asiziache. Kisha akaniuliza vumbi la chaki la hapa linatolewaje kwenye sufu, nikamwonyesha.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, siku ya mechi ya kwanza, nitakuwa mbali, na redio ya hapa haifiki huko. Msiniwekee dakika ya kimya wala kiti chenye jina. Ila zikibaki yadi chache, na muda unakwisha, na wewe na Terrence mkatazamana kila mmoja akingoja mwenzake aseme mchezo upi, nikumbukeni, msiutafute wa Emil.

Ardith